Katre Amepata Cinq

Siku ya kwanza ya juma, 1 Octobre 1956

Leo nimepewa kaye ya Serikali. Mimi Donatille, niliyeachia shule ya Masista kwenye mwaka wa ine! Ni daftari la mistari, jalada la bluu, linanuka duka.

Kisa ni mapeshi. Kwa mutu asiyeyajua: ni tunda lenye manyoya laini kama shavu la mutoto, na jiwe katikati. Miaka miwili imepita tangu bwana agronome, mukubwa wa kilimo wa Serikali, alipotupandia miti sita. Akapanda sita mingine kwa Athanasie, mama jirani yetu ng'ambo ya ukuta wa mawe. Aina sita, kila moja na kibati chenye namba. Anatafuta ile inayoweza kukaa na ugonjwa wa majani wa huku kwetu na bado ikazaa, apate kuwagawia walimaji wa Masisi na Rutshuru. Alituchagua sisi wawili sababu tunajua kuandika. Athanasie anasema alichaguliwa yeye, mimi nikaongezwa.

Bwana Théoneste, moniteur wa kilimo, musaidizi wa agronome, alikuja na baiskeli kutueleza kazi. Anapiga kengele hata njia ikiwa tupu. Kaputula yake imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake, na miguu inayotoka ndani ni ya korongo. Alieleza muda mrefu. Liza alikuwa analia, kuku alikuwa ameingia jikoni. Nikasikia mwanzo na mwisho. Mwanzo: kila juma, siku ya tatu, niangalie miti, niandike pointi. Mwisho: mwezi ukiisha, miti mibaya itang'olewa na kuchomwa moto hapa hapa uwanjani, ugonjwa usitembee.

Hapo nikasikia vizuri. Sababu ni namba 4. Katre, ndivyo tunavyomuita, kifaransa cha kibati chake. Alipandwa juma ile ile Liza wangu alizaliwa. Alikuwa fimbo, naye Liza alikuwa mudogo kama mukate. Liza alisimama mara ya kwanza akimshika. Neno lake la kwanza halikuwa mama wala papa. Lilikuwa "Kata", sababu "Katre" ni zito kwa mutu mwenye meno mane. Padri amekataza kuamini mambo ya miti, na mimi siamini. Lakini Katre hatachomwa.

Kurasa za nyuma za kaye ni tupu. Nimeigeuza kichwa chini, naandika humo mambo yangu. Kuacha karatasi nzuri hivi ni dhambi.


Siku ya tatu, 3 Octobre

Siku ya pointi. Kaye ina kolone tatu. Namba. Tarehe. Ya tatu imeandikwa Attaque, zéro mpaka cinq: zéro ni sifuri, deux mbili, trois tatu, cinq tano.

Sikuuliza mutu. Attaque nalijua. Bwana yangu Cyprien anajenga nyumba za mawe juma nzima, lakini siku ya Mungu anacheza mupira, mbele, upande wa kushoto. Attaque ni wale wanaoshambulia. Kumbe hata miti! Muti unashambulia ugonjwa, wewe unaupa pointi. Attaque kali, cinq. Attaque ya usingizi, zéro. Serikali inafikiri mbali.

Nimezunguka na Liza mugongoni. Katre ana majani matatu kwenye ncha yaliyovimba na kujikunja, mekundu, kama sikio la mutu aliyepigwa. Nimefungua moja. Ndani kuna unga mweupe, mwembamba kuliko unga wa muhogo. Unatoka wapi? Nimeuonja. Chungu kidogo, halafu hakuna kitu. Namba moja, majani safi, anajisikia. Namba mbili na tano, kati na kati. Namba tatu anatoa gundi kwenye shina, siafu wanapanda kuionja nao. Namba sita ni kijiti kikavu tangu Pasaka. Nampa kazi ya kuanikia nguo za Liza.

Pointi: Moja, deux. Mbili, trois. Tatu, deux. Katre, cinq! Tano, trois. Sita, zéro, maskini.

Kisha nilipanda juu ya ukuta kumuomba Athanasie chumvi. Kaye yake ilikuwa wazi juu ya meza ya uwanjani. Zéro, zéro, zéro, mpaka chini. Amevipa vitoto vyake mwenyewe zéro sita! Nikasahau chumvi.


Siku ya Mungu, 7 Octobre

Baada ya misa Athanasie alikuwa anawaambia wamama mbele ya kanisa kuwa miti yake yote ina zéro, hata namba ine, kwa neema ya Mungu. Bila haya! Bwana yake ni karani, yeye mwenyewe anavaa viatu hata kwa kupalilia, na hajui kuwa zéro ni aibu. Niliweka uso nyuma ya kichwa cha Liza nisicheke. Mama mukwe wangu, Mukagasana, akaniuliza kama nina homa.

Mchana, mupira. Wakwetu walipigwa mabao matatu kwa bure. Cyprien alisema attaque ilikuwa nzuri, ila gardien, yule wa golini, alikuwa anaangalia ndege. Nikamuuliza kama attaque nzuri inaweza kupata zéro. Akakasirika, akaniambia niulize gardien.

Jioni nilienda mpaka kwenye ukuta nimueleze Athanasie kosa lake. Ni jirani. Aliniletea uji nilipozaa. Nikasimama hapo. Nikafikiri: mutu mwenye viatu atajionea mwenyewe. Nikarudi.

Jambo moja nalitafuta bado. Kila asubuhi mapema nasikia mukasi ng'ambo ya ukuta. Kwa, kwa, kwa. Anakata nini? Hajui kushona.


Siku ya tano, 12 Octobre

Mvua siku ine. Katre amevimba kila upande. Majani mekundu, manene, kama mashavu ya Liza wakati wa meno. Nikimgusa nasikia baridi.

Mama mukwe amesema: majivu. Majivu na maji ya sabuni, kama kwa kabichi. Nikajaza ndoo, nikachukua ufagio, nikamunyunyizia kwa nguvu zote. Upepo wa ziwa ukageuka. Jezi ya Cyprien ilikuwa juu ya namba sita inakauka. Ilikuwa nyeupe. Sasa timu nzima ni nyeupe na mutu mumoja ni wa majivu. Nimemuambia atakuwa rahisi kuonekana wakati wa kupewa mupira.

Majivu hayakufanya lolote. Lakini nikiwa chini ya muti na ufagio, nimeona kitu. Majani mabaya yanaanguka yenyewe. Katre anayatupa. Na pale jani lilipotoka kuna kijicho kidogo cha kijani, kinasukuma. Anafanya kama mimi nikimvua Liza nguo iliyolowa na kumuvika ingine, bila kelele. Na matunda hayakuanguka. Namba moja mwenye majani safi ana matunda kumi na mawili tu. Katre nimemuhesabia arobaini na moja. Liza naye amehesabu: moja, moja, moja, moja.

Nimeandika yote hapa nyuma. Mbele hakuna kolone ya mambo kama haya.


Siku ya sita, ya posho, 20 Octobre

Siku kubwa!

Bwana Théoneste amekuja. Kengele ilianza mbali sana. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, alikuwa anaogopa kwa kaputula yake, hakutaka kuketi. Akafungua kaye mbele. Kidole chake kikashuka. Kikasimama. Akaniuliza kama kweli Katre ni cinq juma zote. Nikajibu kweli, juma zote, bila kupendelea. Akamuangalia kwa mbali, mwekundu vile kwenye mvua. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Pole sana, Mama Liza. Umeandika kwa uaminifu."

Mara ya kwanza Serikali inanisifu. Pole alinipa ya kazi, sababu alinikuta na jembe.

Halafu akatoa kopo na brosi kwenye baiskeli. Akapiga Katre musalaba mwekundu kwenye shina. Mukubwa, unaonekana mpaka njiani. Medali! Nilitaka kumupa chai, akawa ameshapanda baiskeli. Kwa Athanasie alipita. Hakuna musalaba hata mumoja kule, nimechungulia.

Nimemunyanyua Liza aone. Ameweka mukono juu ya rangi, kisha juu ya uso wangu. Nimekaa na medali usoni mpaka jioni.


Siku ya tatu, 24 Octobre

Athanasie ameniletea viazi vitamu, kikapu kizima. Alikaa, alinishika mukono, akasema mambo haya yanapata kila mutu, nisihuzunike, nitapanda mwingine. Wivu wa kiasi hiki sijapata kuuona. Viazi nilivipokea.

Mchana kutwa watu wanapita, wanaangalia musalaba, wanashusha sauti. Mulimaji mumoja kutoka Masisi alivua kofia.

Nikafikiri: kama medali moja imeleta viazi, medali tatu? Cyprien anapaka milango ya duka kule Mabanga, kopo lake la rangi nyekundu lilikuwa nyuma ya nyumba. Nimempiga Mbili musalaba. Nimempiga Tano. Wa Tano umekaa upande kidogo, sababu Liza alikuwa anavuta mukono. Athanasie alitoka, akaiona mitatu, akaweka mikono kichwani, akarudi ndani.

Nimeshinda. Katre, cinq tena. Nimepigia musitari chini.


Siku ya tatu, 31 Octobre

Naandika haya juu ya karatasi ya sukari. Kaye haiko tena. Nitaeleza.

Asubuhi amekuja Bwana Théoneste na watumishi wawili, majembe, panga, na dumu la mafuta ya taa. Nilidhani wamekuja kuchimbia Katre shimo la mbolea. Nikampa Bwana Théoneste kaye, nikaweka maji ya chai. Niliporudi, yeye alikuwa bado anasoma, na watumishi walikuwa wamefuata misalaba: Mbili alikuwa ameshalala chini, mizizi juu, na moto unamuingia. Kwa dakika ngapi! Chai haikuwa hata imeanza kuimba.

Wakaenda kwa Katre. Liza alikuwa hapo, amekumbatia shina kama kila siku. Kuona jembe linainuka akaanza kulia kwa jina la rafiki yake: Kata! Kata! Kata!

Mutumishi wa panga akacheka, akasema, "Bwana moniteur, hata mutoto ametoa ruhusa."

Niliruka. Sijui nilipitia wapi, sufuria ilikuwa bado mukononi. Nikakaa chini kati ya jembe na muti, Liza kwenye magoti.

"Ondoka, Mama Liza," Bwana Théoneste akasema. "Kaye yako mwenyewe inasema cinq. Mara ine."

"Ndiyo, cinq. Ndiye wa kwanza wa wote. Sasa mbona unaua wa kwanza?"

Akaniangalia. Akaangalia kaye. Akaniangalia tena. "Attaque ni nini, Mama?"

Nikamueleza vizuri, kama kwa Masista. Attaque ni wale wa mbele. Cyprien ni wa kushoto.

Watumishi walicheka mpaka mumoja akaketi juu ya dumu. Bwana Théoneste hakucheka. Akachutama, magoti yake yakatoka kwenye pasi, akasema polepole, "Si muti unaoshambulia ugonjwa, Mama. Ni ugonjwa unaoshambulia muti. Zéro ni muzima. Cinq ni maiti."

Nikaangalia moto. Mbili alikuwa trois tu. Musalaba wake nilimupiga mimi, kwa mukono wangu.

Bwana Théoneste akasimama, akaenda kwenye kijiti cha namba sita, akaondoa kitambaa cha Liza. Akauliza kama huyu ndiye nimemupa zéro juma zote, muzima kuliko wote. Nikasema ni muti wenye adabu, haujasumbua mutu.

Niliomba afute. Akakataa. Kaye ya Serikali haifutwi na moniteur, agronome peke yake anaweza, na agronome yuko Rutshuru mpaka siku ya kwanza ya juma. Siku hiyo atakata neno mwenyewe. Mpaka hapo Katre asimame na musalaba wake. Akafunga kaye, akaiweka ndani ya mufuko, akaenda na kengele yake.

Ilikuwa imefika mbali kengele hiyo, karibu na barabara ya ziwa, nilipokumbuka kurasa za nyuma.

Korongo!


Siku ya tano, 2 Novembre

Misa ya marehemu. Nimemuombea Mbili kimya kimya, katikati ya watu.

Sijalala vizuri. Mutu aliyesoma kuwa miguu yake ni ya korongo atamutetea muti wangu? Mupango: nipate kaye, ning'oe kurasa za nyuma, niirudishe. Nilifunga mayai sita kwenye kitambaa, nikaenda kwenye ofisi ya kilimo. Ningesema nimesahau kuandika tarehe moja. Angenipa kaye, ningegeuka kidogo, basi.

Bwana Théoneste alikuwa kwenye baraza. Kaye ilikuwa mukononi mwake. Kichwa chini.

Nikaweka mayai. Nikasema habari ya tarehe. Hakuinua macho. Akageuza ukurasa.

"Mama Liza," akasema, "korongo ni yule ndege anayesimama kwenye maji pale ziwani?"

Nikamuambia ndiyo. Nikamuambia ni ndege anayeheshimiwa sana.

Akasema ahsante. Akaendelea kusoma. Nikangoja. Kuku wa ofisi alikuja akaangalia mayai yangu. Mwisho nikarudi nyumbani, mikono mitupu.

Athanasie alinisimamisha njiani. Habari zote anazo, ukuta wa mawe una masikio. Akaniuliza taratibu kwa nini sikumuuliza. Nikasema sikutaka kumuaibisha. Akaanza kucheka, nami nikacheka, kisha nikalia, na yeye akashika Liza mpaka nimalize. Kwa kweli si mutu mubaya. Viatu tu.


Siku ya kwanza, 5 Novembre

Amekuja mwenyewe, bwana agronome, kwenye gari, kofia ya majani. Bwana Théoneste nyuma na kaye. Cyprien alikosa kazi ili awepo. Alivaa jezi yake ya majivu, sababu shati lingine liliungua pasi. Mama mukwe alikaa mulangoni na rozari.

Bwana agronome anasema Kiswahili chake cha amri, hakina kichwa wala mukia. Akanyoosha kidole kwa Katre: "Hii cinq? Hii kufa?" Katre alikuwa amesimama pale na majani mapya ya kijani juu, mekundu machache chini, na matunda yamejaa kila tawi, yanaanza kupata rangi. Kama kufa ni hivyo, na mimi nife.

Nilitaka kusema. Ndipo Bwana Théoneste akageuza kaye kichwa chini, mbele ya wote, na kuanza kusoma. Kwa sauti. Anasoma Kiswahili changu, anatafsiri kifaransa. Nilishika mukono wa Cyprien. Alisoma tarehe 3 na tarehe 12 Octobre: unga mweupe, majani yanaanguka yenyewe, kijicho cha kijani, matunda arobaini na moja. Alisoma ile ya kumuvua Liza nguo iliyolowa. Bwana agronome akamuambia arudie hapo. Akarudia. Majivu alisoma. Jezi alisoma, na bwana agronome akamuangalia Cyprien kifuani, akafahamu. Alipofika kwa kaputula, akaruka mistari mitatu. Mutu muzuri. Nimekosea juu yake, ila juu ya miguu.

Bwana agronome akahesabu matunda mwenyewe. Arobaini. Moja liko tumboni mwa Liza tangu jana, na tumbo lilisema usiku kucha. Akahesabu ya namba moja: kumi na mawili. Akaenda ng'ambo ya ukuta. Kule ndipo fumbo la mukasi lilipokwisha. Athanasie alikuwa anakata kila jani lililougua kabla halijaonekana, kila asubuhi, tangu mwanzo. Zéro zake zilikuwa kweli. Miti yake haikuwa na ugonjwa sababu haikuwa na majani. Matunda yake, kama njegere. Namba ine wa kwake yuko uchi kama fimbo ya muchungaji. Athanasie aliangalia viatu vyake.

Bwana agronome akarudi, akaweka mukono juu ya musalaba wa Katre. Akasema kifaransa kirefu, na Bwana Théoneste akanigeuzia: "Anasema huu unaugua kama mingine, lakini hauachi kazi. Ndio alioutafuta. Haukatwi, Mama. Mwaka ujao atachukua vijiti vyake vya kupandikiza kuvipeleka Masisi."

Watoto wa Katre, Masisi! Mama mukwe akapiga vigelegele na rozari mukononi. Liza akasema Kata, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinua panga.

Halafu bwana agronome akachukua raba, akafuta cinq zangu zote. Nilikuwa nimeziandika kwa kalamu ya risasi, zikatoka kirahisi, hata ile ya musitari. Akaandika trois. Ilinichoma kidogo. Akasema kaye ya pili itakuja, ya wakati wa matunda, na kwamba neno la mwisho juu ya vijiti litatoka humo. Kurasa za nyuma akaamuru niendelee nazo humo. Kwa amri ya Serikali, basi, naandika.


Siku ya tatu, 14 Novembre

Kaye mupya! Jalada jekundu. Nimeacha karatasi ya sukari.

Bwana Théoneste aliileta asubuhi. Alitaka kukaa, anieleze kolone ya tatu neno kwa neno. Alisema mara mbili kuwa kila kitu kwa Katre kinategemea kolone hiyo, kwamba bwana agronome ataangalia hiyo tu kabla ya kukata vijiti. Nikamuambia kwa heshima, bwana moniteur, mimi si yule wa mwezi uliopita. Nimejifunza. Sasa nasoma neno lote, polepole, na kufikiri kabla ya kuandika. Akauliza kama nina hakika. Nikampa chai. Akanywa, akaenda, na alipofika njiani akageuka akaniangalia. Kengele hakupiga. Ana wasiwasi, maskini. Ni kazi nyingi.

Nikafungua. Namba. Tarehe. Chute, zéro mpaka cinq.

Nililisoma polepole. Nililisoma kwa sauti. Shut. Nikafikiri sana, mpaka uji ukaungua. Na nikaona kuwa ni rahisi. Shut ni ile Cyprien anapiga na mguu wa kushoto, ile inayovunja nyavu. Hapa hakuna mutu anayeshambuliwa na mutu, hakuna kuchanganyikiwa mbele na nyuma. Mwenye shut kali ni mwenye nguvu. Walipima ugonjwa, sasa wanapima nguvu. Kuna utaratibu.

Nimemuangalia Katre kutoka chini mpaka juu. Matunda arobaini, bado arobaini, kila moja limeshika tawi lake kama Liza anavyoshika nywele zangu. Chini yake hakuna hata moja. Nimepekua majani. Hakuna.

Ng'ambo ya ukuta Athanasie alikuwa ameinama bila viatu, anaokota matunda madogo yaliyoanguka usiku chini ya miti yake. Anayahesabu, anayatia ndani ya aproni haraka, anaangalia njia kama anaiba. Nikamuuliza anayafanyia nini. Akasema ni ya kolone ya chute, bwana agronome asiyakute chini, na nisimuambie mutu. Kisha nikamuona anaandika zéro, zéro, zéro. Zéro tena! Huyu mama hatajifunza.

Nilitaka kumueleza. Lakini ana moyo mwepesi siku hizi.

Namba moja nimemupa deux. Tatu, deux. Tano, trois, na nimemuosha musalaba wake. Sita, zéro, anaendelea na nguo. Mbili nimeacha musitari mutupu kwa heshima.

Katre, cinq.

Na kwa kuwa nimejifunza, safari hii nimeandika kwa wino, ule wa Cyprien wa barua. Hakuna raba itakayoufuta.